Jinsi ya kutoa na kufuatilia dawa ya PRN wodini

Dawa ya PRN hutolewa mgonjwa anapoihitaji, si kwa saa maalumu. Kuitoa si kazi. Kinachosahaulika ni kurudi kuona kama imesaidia, ndiyo maana chati nyingi zina saa na sahihi ya aliyetoa, lakini sehemu ya matokeo iko tupu.

Anza na oda ya daktari. Iwe na jina la dawa, dozi, njia, sababu ya kuitoa, muda wa kusubiri kabla ya dozi nyingine na kiwango cha juu kwa saa 24. "Parasetamo g 1 PRN" peke yake haitoshi. Mpigie daktari wa zamu aikamilishe, usijijazie mwenyewe.

Pitia dozi zote za saa 24 zilizopita. Hapo parasetamo ndiyo inayotega watu: mgonjwa ameandikiwa ya kila saa 6, ana nyingine ya PRN, na ndugu wamemletea Panadol, ambayo nayo ni parasetamo, pamoja na uji. Mtu mzima asizidishe g 4 kwa siku, na mwenye ugonjwa wa ini au aliyekonda sana anahitaji pungufu ya hapo. Muulize yeye, muulize na anayemuuguza.

Pima kabla ya kutoa: maumivu kwa 0 hadi 10 (mtoto aonyeshwe picha za nyuso), presha, mapigo, upumuaji. Uliza pia panauma wapi. Aliyelazwa kwa kuvunjika mguu akianza ghafla kuumwa kifua, huyo ni wa kuitiwa daktari, si wa kutulizwa kwa PRN.

Kwa morfini, dawa kali ya maumivu inayotunzwa chini ya ulinzi, wauguzi wawili wafungue kabati, wahesabu salio na kusaini rejesta.

Sasa kurudi. Dawa ya mshipani, rudi baada ya dakika 15 hadi 30. Ya kumeza, baada ya saa moja hivi. Andika saa ya kurudi hapo hapo unapotoa, kwa sababu wodi yenye wagonjwa 40 na muuguzi mmoja haikumbushi mtu. Ukimkuta amelala, usiridhike haraka. Aliyepewa morfini mwite, aitike, kisha hesabu pumzi kwa dakika nzima. Zikiwa chini ya 10, au akiwa mgumu kuamka, usimwache: oksijeni, daktari aitwe, naloksoni (dawa ya kuondoa nguvu ya morfini) iwe mkononi.

Kumbukumbu iwe hivi:

14:10 – Maumivu 8/10, kidonda cha upasuaji tumboni. Morfini mg 3 mshipani.
14:35 – Maumivu 3/10, pumzi 16, anaongea vizuri, amegeuka mwenyewe kitandani.

"Amepata nafuu" haimwambii kitu anayekuja zamu ya usiku. Tumia saa za 24: "saa 2" kwenye chati inaweza kusomwa 02:00, 08:00, 14:00 au 20:00, na dozi ikarudiwa mapema.

Dawa isiposaidia, usingoje muda wa dozi nyingine ufike. Mweleze daktari namba zote mbili, ya kabla na ya baada. Mgonjwa akiiomba kila mara muda unapotimia, omba kwenye raundi abadilishiwe, apewe kwa saa maalumu. Na ile ambayo hajaigusa kwa siku kadhaa, omba ifutwe kwenye chati.