Acheni kumuogesha kuku anayelalia mayai

Jamani wafugaji wangu wa Chanika, Kivule, Mbagala na wote mnaofuga kienyeji humu Dar, naandika hii nina uchungu kwa kweli, maana mwezi huu tu nimeitwa nyumba tatu na shida ni ile ile. Mtetea analalia, mwenyewe anaona chawa wanamtambaa, anachukua ile dawa ya kuogeshea ng'ombe anaikoroga kwenye ndoo, anamchovya kuku mzima mpaka shingoni afu anamrudisha juu ya mayai akiwa bado anachuruzika. Siku ya 21 inafika, kimya.

Kwa mama mmoja Chanika tulipasua mayai 11 moja baada ya jingine pale uani. Saba yalikuwa na kifaranga kamili, manyoya yameshaota, mdomo umeshaelekea juu kwenye ile nafasi ya hewa ya yai, kafia humo humo. Mama wa watu alikuwa anamlaumu jogoo na ameshapanga kumuuza. Jogoo kafanya kazi yake, tena vizuri!

Yai linapumua. Ganda lina vitundu maelfu ambavyo kwa macho huvioni, maji yenye dawa yakikaa juu yake yanaingia ndani. Afu kuna baridi, na hapa ndo mnapobishana na mimi, eti Dar joto. Joto letu likikaza huwa kama nyuzi 32 au 33, yai linataka kama 37 na nusu, na maji yanavyokauka kwenye manyoya yanazidi kuvuta joto la kuku na la mayai yake. Na wale wa mafuta ya taa au oili chafu ndo kabisa, hayo yanaziba vile vitundu, kifaranga anakosa hewa. Msifanye tena, nawaomba.

Kuku anayelalia anatibiwa kwa dawa ya UNGA. Nenda duka la dawa za mifugo, hakikisha kwenye pakiti imeandikwa ni ya kuku na soma kipimo chake. Kama pakiti haijasema tofauti, zile nyingi tunazotumia kijiko KIMOJA cha chai kilichosawazishwa kinatosha kuku mzima. Sio kijiko cha kulia wali, sio kiganja, wala usimwagie kwenye kiota juu ya mayai. Weka huo unga ndani ya soksi kuukuu, funga, halafu unagongagonga taratibu huku mwenzako kamshika: chini ya bawa hili, chini ya bawa lile, kuzunguka mkundu, chini ya mkia, mwisho shingoni kwa nyuma. Kichwani usiguse. Pale karibu na mkundu funua manyoya mpaka kwenye shina, utaona vitu vyeupe vimegandamana kama chumvi, hayo ndo mayai ya chawa na ndo sababu ya kurudia, kwa sababu unga unaua chawa, mayai yao unayaacha.

Sasa muda, hapa someni pole pole. Dozi ya kwanza ni siku mbili tatu KABLA hujamuwekea mayai. Akianza kuganda kiotani mpe mayai mawili ya kumzugia, mtibu, ndo umpe ya kweli. Dozi ya pili ni siku 7 mpaka 10 baada ya ile ya kwanza. Baada ya siku ya 17 ya kulalia usipake kitu chochote, vifaranga watatokea ndani ya unga huo huo na kuuvuta puani. Andika tarehe ukutani kwa mkaa, msihesabu kwa kichwa, na siku uliyoweka mayai haihesabiwi, moja ni kesho yake.

Msubiri ashuke mwenyewe kula, asubuhi au jioni, yote iishe ndani ya dakika 10. Ukilazimika kumnyanyua, pitisha mkono chini ya mabawa kwanza, huwa anabana yai kwapani, ukinyanyua ghafla linadondoka kwenye mengine. Nimeona mayai manne yamepasuka hivyo kwa mkupuo mmoja.

Chawa wanamzidi kipindi hiki kwa sababu haogi vumbi kama zamani. Muwekee beseni la mchanga mkavu na majivu yaliyopoa na kuchekechwa karibu na maji yake, akishuka atajigaragaza. Ukimkuta na chawa siku ya 19, beseni hilo ndo dawa yako, vumilia.

Dawa ikikubali atatulia kiotani, haachi mayai ovyo. Ila kama mchana humuoni mdudu mwilini na usiku vinatambaa vidogo vyekundu, huo ni utitiri, umejificha kwenye nyufa za kiota, kwa hiyo badilisha maranda yote anaposhuka kula na ya zamani uyachome moto, usiyatupe kwenye banda la jirani.