Somo: Kuupiga picha Kilimanjaro kutoka upande wa Moshi

Picha nyingi za Kilimanjaro ninazoonyeshwa zina tatizo lilelile: mlima wa mita 5,895, mrefu kuliko yote Afrika, umegeuka kichuguu. Kamera haina kosa.

Hatua ya 1: Msimu kwanza, lenzi baadaye. Desemba hadi Februari jua huchomoza likiwa limeegemea kusini, kwa hiyo mwanga wa asubuhi unaangukia uso unaotazama Moshi, na barafu za Heim na Kersten zinajitokeza vizuri. Juni na Julai jua limehamia kaskazini. Hapo wanaofaidi ni walioko Amboseli, Kenya, ng'ambo ya mpaka, wakati Moshi mara nyingi inashinda chini ya mawingu. Masika ni bahati nasibu, ila mvua ikinyesha usiku kisha kukakucha kweupe, hewa inakuwa imeoshwa vumbi lote. Hakuna filta itakayokupa usafi ule.

Hatua ya 2: Wahi. Januari jua huchomoza karibu saa 12:30 asubuhi. Saa 11:30 tripodi iwe imeshasimama. Kilele hupata jua dakika kadhaa kabla yako uliye bondeni, theluji inapiga waridi huku mashamba bado yana giza. Picha ni hiyo. Kufika saa tatu au saa nne, mawingu yameshapanda na mlima umejifunika.

Hatua ya 3: Rudi nyuma, kisha vuta. Kichuguu kinazaliwa hapa. Mjini Moshi uko takriban kilomita 30 kutoka kileleni. Lenzi pana ya milimita 24 itakupa anga tele na mlima usiofika hata robo ya kimo cha picha. Funga ya kuvuta, milimita 100 hadi 200, shuka kusini kuelekea Arusha Chini kwenye miwa ya TPC, kampuni ya sukari (omba ruhusa, ni shamba la watu), halafu tafuta mti au nyumba iliyosimama peke yake. Kaa mbali nayo. Kadiri unavyorudi nyuma na kuvuta, ndivyo mlima unavyokua nyuma ya ule mti.

Hatua ya 4: Mipangilio. ISO 100 (wepesi wa kamera kwa mwanga), f/8 (uwazi wa lenzi), faili la RAW (picha ghafi, ambayo kamera haijaichakata), taima ya sekunde 2. Fokasi weka kwa mkono: kuza kilele kwenye skrini, zungusha polepole hadi mpaka wa theluji na mwamba ukae sawasawa. Mwanga upime kwenye theluji. Ikiungua, yaani ikawa nyeupe tupu, hairudi, ila giza la shambani utalifungua kwenye kompyuta.

Maswali ya wanachama

*Mimi nina simu tu. Nifanyeje?*
Kama ina lenzi ya kuvuta, tumia hiyo, usikuze kwa vidole. Iegemeze ukutani, gusa theluji kwenye skrini, kisha punguza mwanga.

*Jioni je, haifai?*
Inafaa. Siku nyingine mawingu hufunguka jua likikaribia kuzama, na mwanga utatoka kushoto kwako. Ila usisafiri kutoka Dar kwa kutegemea jioni.

*Naruhusiwa kurusha droni?*
Si bila kibali, na ndani ya hifadhi mambo ni magumu zaidi. Karatasi ziwe mkononi kabla hujaifungasha.

*Nimeona picha, Mawenzi, kilele cha pili cha mlima, iko kushoto. Imegeuzwa?*
Huenda imepigwa Kenya. Ukiwa Moshi, Kibo, kilele kikuu, iko kushoto na Mawenzi kulia. Amboseli ni kinyume chake. Kwa hiyo ukiona Mawenzi kushoto na maelezo yanasema "Moshi", muulize mwenye picha.