Kokotoa mwenyewe: elektroni inapozuiwa na njia ya pembeni

Kwa kalamu, karatasi na kikokotoo cha kawaida unaweza kujua mapema elektroni itapita wapi na itazuiwa wapi kwenye nukta mbili za kwantamu (visanduku vidogo mno vinavyonasa elektroni) zilizounganishwa. Mimi huwasisitizia wanafunzi wafanye hivi kabla ya kufungua programu yoyote, maana kompyuta itakuchorea grafu safi yenye bonde katikati, na wewe usijue bonde limetoka wapi.

Chora nukta A kati ya elektrodi mbili. Nukta B iweke pembeni, ishikamane na A peke yake. Elektroni inaweza kupita A moja kwa moja, au kuchepuka ikaingia B, ikarudi A, ndipo iendelee na safari. Kwa kuwa ni wimbi, njia zote hujumlishwa kwanza kama namba changamano, kisha ndipo unapotafuta mraba wa ukubwa wa jumla hiyo. Ukianza kwa kujumlisha uwezekano wa kila njia, hutapata sifuri kamwe, kwa sababu uwezekano hauna hasi. Na sifuri ndiyo tunayoitafuta.

Ipe kila nukta ngazi moja ya nishati, EA na EB, na msukumano wa elektroni kwa elektroni uuache kando. E ni nishati ya elektroni inayopita, na nguvu ya muungano wa A na B ni t. Upana wa ngazi ya A unaotokana na elektrodi zote mbili, zikiwa sawa, ni Γ. Tafuta kwanza:

X = E − EA − t²/(E − EB)

kisha T, yaani uwezekano wa elektroni kupita:

T = (Γ/2)² / [X² + (Γ/2)²]

Tazama kipande cha mwisho cha X. E ikikaribia EB, kigawanyo kinakwisha, X inakua bila kikomo, na T inaanguka hadi sifuri. Hapo njia ya B imeifuta kabisa njia ya moja kwa moja, ingawa mlango wa A uko wazi. Kwangu hapa ndipo penye uzuri wote wa somo hili.

Weka namba: EA = EB = 0, t = 20 na Γ = 100, vyote kwa mikroelektronivolti (μeV). E ikiwa 20, X ni sifuri na T ni 1. E ikiwa 10, X ni −30 na T ni kama 0.74. Kwa 5 unapata 0.31, kwa 2 ni 0.06. Nusu ya kilele iko karibu na 7 kila upande, kwa hiyo bonde lina upana wa 14 μeV hivi. Ukiisogeza EB mbali na EA, mkunjo unapinda upande mmoja. Ni umbo ambalo mwanafizikia Ugo Fano alilieleza mwaka 1961.

Usisahau jotoridi. Joto hufifisha grafu kwa upana wa takriban 3.5kT (k ni namba isiyobadilika ya Boltzmann, na T hapa ni jotoridi, si ile T ya juu). Kwa milikelvini 100 hiyo ni 30 μeV, na bonde letu linafukiwa. Kwa milikelvini 20 ni 6 μeV tu, bonde linaonekana.

Sasa badilisha elektrodi moja iwe superkondakta (kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani), kwa mfano alumini iliyopozwa chini ya kelvini 1.2. Ndani ya pengo lake la nishati, kama 180 μeV, elektroni moja haina pa kukaa. Inaingia pamoja na nyingine zikiwa jozi, na tundu (nafasi iliyoachwa na elektroni) linarudi nyuma. Mwanafizikia Andreev alionyesha hilo mwaka 1964. Hivyo andika X mara mbili: moja ya elektroni kama hapo juu, nyingine ya tundu, ambamo EA na EB zinageuzwa alama. Nukta A ikiwa peke yake, EA na E zikiwa sifuri na miungano miwili ikiwa sawa, upitishaji wa umeme unafika 4e²/h badala ya 2e²/h (e ni chaji ya elektroni, h ni namba ya Planck).

Ukiirudisha B, zuio linakuwa mara mbili, kwa kuwa elektroni na tundu wote lazima wapite. EB ikiwa 15 μeV, sifuri ziko kwenye 15 na −15. Katika hesabu hii jibu la E na la −E lazima lilingane. Likikutokea bonde upande mmoja tu, rudi ukague alama ya EB kwenye mstari wa tundu.