Likizo ya Kiangazi Kabla ya Darasa la 12: Namna ya Kuitumia kwa Maombi ya Chuo Marekani

Kila mwaka ifikapo Mei, wazazi wetu wa Afrika Mashariki na Kongo ninaowasaidia hapa Marekani huniuliza swali lilelile: mtoto aandikishwe programu gani kiangazi hiki ili chuo kimkubali? Wengine huja na barua mkononi, ina nembo ya chuo kikuu chenye jina, inamwalika kijana akae bwenini wiki mbili tatu, na chini kabisa kuna bei ya maelfu ya dola. Mzazi anauliza akope wapi.

Asikope. Wanaosoma maombi wanatafuta kijana aliyeshika jambo, akalifanya kwa bidii, na anaweza kulieleza vizuri. Jambo lenyewe laweza kuwa zamu za dukani au kulea wadogo zake. Mwongozo huu nimemwandikia kijana anayemaliza darasa la 11, kwa sababu hicho ndicho kiangazi cha mwisho kitakachoingia kwenye fomu yake. Aliye darasa la 9 au la 10 aanzie hatua ya pili.

Hatua ya 1: Malizana na shule kabla haijafungwa

Walimu wengi wakishaondoka mwezi wa sita, hutawapata tena mpaka Agosti. Vyuo vingi vyenye ushindani mkali huomba barua za mapendekezo kutoka kwa mwalimu mmoja au wawili, pamoja na ya mshauri wa shule. Mfuate mwalimu darasani kwake, umwombe kwa mdomo, kisha umtumie baruapepe fupi ya kumkumbusha. Chagua mwalimu aliyekuona ukihangaika na somo mpaka ukalimudu. Huyo ana la kusema juu yako, hata kama alama uliyopata kwake haikuwa A. Mwalimu aliyekupa A huku hajui unakaa kiti gani ataandika barua tupu.

Wiki hiyohiyo nenda kwa mshauri wa shule. Mwombe nakala ya matokeo yako, mwulize kuhusu kazi za kiangazi zinazotolewa na mji, kisha mwulize kuhusu msamaha wa ada ya SAT, mtihani ambao vyuo vingi huutazama katika maombi. Kama familia ina kipato kidogo, au unapata chakula cha bure shuleni, huenda unastahili. Msamaha huo hukupa kufanya SAT mara mbili bila kulipa, na vyuo vingi vitakusamehe pia ada ya maombi. Watoto wetu wengi wanastahili na hawaombi, wanaona aibu. Huu ni utaratibu uliowekwa kwa ajili yenu, na anayeuendesha hakuulizi kwa nini.

Hatua ya 2: Hesabu saa zako kwa ukweli

Chukua karatasi, chora siku saba. Andika kwanza yale usiyoweza kuyakwepa: zamu za kazi, kuwaangalia wadogo mama akiwa kazini, madrasa au kwaya, kumpeleka bibi kliniki, na muda unaopotea kwenye basi. Kinachobaki ndicho kiangazi chako. Kwa baadhi ya vijana hubaki saa thelathini kwa wiki, kwa wengine sita, na hata hizo sita zinatosha kabisa kwa jambo moja.

Kama una miaka 14 au 15, sheria ya kazi ya serikali kuu inakuruhusu kufanya kazi hadi saa 40 kwa wiki wakati shule zimefungwa, zisizidi 8 kwa siku, kati ya saa moja asubuhi na saa tatu usiku, kuanzia Juni 1 hadi Siku ya Wafanyakazi ya Septemba. Jimbo lako linaweza kubana zaidi, na baadhi ya majimbo hutaka kibali cha kazi. Ukifika miaka 16, sheria hiyo haikupangii tena saa, ila kazi za hatari bado ni marufuku mpaka 18.

Hatua ya 3: Chagua jambo moja, mawili yakizidi

Hapa ndipo pa kukaa na kufikiri. Fomu ya Common App, ambayo vyuo zaidi ya 1,000 huipokea, ina nafasi kumi za shughuli. Vijana huona nafasi kumi wakadhani lazima zijae, basi wanajiandikisha kwenye mambo manane na kuyagusagusa yote. Msomaji anaona.

Anza na ulichonacho tayari. Fomu hiyohiyo ina kundi la kazi ya kulipwa na kundi la majukumu ya familia. Nalirudia hili kwa wazazi kila mwaka, kwa sababu kwetu kulea wadogo ni wajibu tu, hakuna anayeuhesabu. Mwaka 2016 mradi wa Making Caring Common wa Chuo Kikuu cha Harvard ulitoa ripoti, ikaungwa mkono na maofisa wa udahili wa vyuo vingi, iliyotaka michango ya kijana kwa familia yake na jamii yake ithaminiwe katika maombi. Binti mmoja niliyemsaidia alikuja na orodha yenye shughuli mbili, zote za shule. Nikamwuliza ukitoka shuleni unafanya nini? Anawapokea wadogo zake watatu kituo cha basi, anawapikia, anawasimamia kazi za shule, na jioni anamsomea baba yake barua za bima na za mwenye nyumba, kisha anazijibu kwa Kiingereza. Mambo hayo alikuwa akiyafanya tangu darasa la 8, na hakuyaandika popote. Yakawa ya kwanza kwenye fomu yake.

Kazi ya kulipwa nayo, usiidharau. Kibarua cha kuosha vyombo mgahawani kinaonyesha unaamka, unafika, unaaminiwa. Kama hujapata kazi, miji mingi mikubwa ina mipango yake ya ajira kwa vijana. Wa New York, SYEP, huchukua vijana wa miaka 14 hadi 24 na kuwalipa, na nafasi zake nyingi hutolewa kwa bahati nasibu. Ila maombi ya mipango ya namna hii hufungwa wiki nyingi kabla ya likizo, kwa hiyo ukisoma haya Juni, elekea moja kwa moja madukani, kambi za watoto, au kwa watu unaosali nao.

Ukiwa na muda uliobaki, tengeneza jambo lako mwenyewe kutokana na shida unayoiona kwa macho. Kijana anayejua Kiswahili na Kiingereza ana kitu ambacho wenzake wengi darasani hawana. Wapo wazee kanisani na msikitini wanaojiandaa na mtihani wa uraia, na maswali yanawashinda kwa sababu hakuna aliyewaeleza Baraza la Seneti ni nini kwa lugha wanayoielewa. Keti nao Jumamosi mbili za kwanza, sikiliza wanakwama wapi, andaa karatasi za maelezo kwa Kiswahili, kisha endelea nao mpaka shule ifunguliwe. Huhitaji kusajili shirika, wala kujiita mwanzilishi na mkurugenzi. Vyeo hivyo wasomaji wa maombi wameviona vingi mno. Wanachotaka kujua ni wazee wangapi walikuja, na walirudi?

Na ukishajua thamani ya lugha yako, mwulize mshauri kuhusu Muhuri wa Lugha Mbili, yaani Seal of Biliteracy. Ulianzia California mwaka 2011 na sasa majimbo yote yameupokea kwa namna moja au nyingine. Ni utambuzi unaowekwa kwenye cheti au matokeo yako ya sekondari ukithibitisha unamudu Kiingereza na lugha nyingine, na Kiswahili kina mitihani yake ya kupimwa. Kiangazi ni wakati mzuri wa kunyoosha kuandika, kwa maana wengi wenu mnakiongea vizuri lakini hamjawahi kuandika ukurasa mzima.

Nigusie pia wanaopelekwa nyumbani, Nairobi, Bukavu au Dar, kwa miezi miwili. Safari hiyo haiharibu chochote. Msaidie mjomba hesabu za duka, mrekodi babu akisimulia habari za ukoo na uziandike, wafundishe binamu zako hesabu. Hakikisha tu mtandao wa uhakika upo kuanzia Agosti, au urudi kabla.

Hatua ya 4: Pima programu kabla ya kulipa

Programu nyingi za kulipia zinazofanyika ndani ya vyuo maarufu huchukua karibu kila anayeweza kulipa. Kijana atajifunza, atafurahi, lakini kulala bweni la chuo hakumpi nafasi ya kudahiliwa hapo. Zenye uzito ni zile zinazochuja sana na hazitozi ada: MITES Summer ya chuo cha teknolojia cha MIT, RSI ya sayansi na utafiti ambayo nayo hufanyika MIT, na semina za TASS za Telluride Association kwa wanaopenda historia, fasihi na kufikiri kwa kina. Maombi yake hufungwa majira ya baridi, takriban Desemba hadi Februari. Kwa hiyo mwanafunzi wa darasa la 10 ndiye anayepaswa kuandika majina haya ukutani leo. Soma masharti vizuri, kwa sababu baadhi hudai uraia au kadi ya ukaazi wa kudumu.

Chaguo ambalo familia nyingi hulisahau ni chuo cha jamii (community college) kilicho karibu. Somo moja la kiangazi la takwimu au uandishi linaonyesha kwamba unaweza masomo ya chuo, na mara nyingi chuo utakachojiunga nacho baadaye hulihesabu somo hilo. Ada hutofautiana, mahali pengine wanafunzi wa sekondari hawalipi. Lakini angalia: alama utakayopata hukaa kwenye kumbukumbu zako daima. Kama una zamu za usiku tano kwa wiki, acha.

Hatua ya 5: Andika kila Jumapili

Mali bila daftari hupotea bila habari, na saa zako ni vilevile. Kila Jumapili tumia dakika kumi kuandika tarehe, saa ulizofanya, ulichofanya hasa, idadi yoyote inayohesabika, na jambo moja lililokushangaza au kukushinda. Hilo la mwisho ndilo litakalokupa insha baadaye.

Sababu ya kuandika kwa undani ni kwamba Common App inakupa herufi 150 tu, pamoja na nafasi kati ya maneno, kueleza shughuli moja. Tuseme ulifanya kazi duka la vyakula. Bila daftari utaandika: "Nilifanya kazi dukani na kusaidia wateja wakati wa likizo." Ukiwa na daftari utaandika hivi, kwa Kiingereza bila shaka, ila mpangilio ni huu:

"Nahesabu mzigo kila Jumatatu, nahudumia wateja kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, nimefundisha wafanyakazi 2 wapya, nachangia kodi ya nyumba."

Haizidi herufi 150. Jina la duka na cheo chako vina visanduku vyake, usiviharibie nafasi hapa. Anza na kitendo, weka idadi, na kama pesa inasaidia nyumbani, sema. Fomu itauliza pia saa kwa wiki na wiki kwa mwaka. Jaza kutoka kwenye daftari, usikuze. Saa 18 za kweli zinasomeka vizuri kuliko 40 ambazo haziwezi kutoshea kwenye ratiba yako ya shule.

Hatua ya 6: Agosti ni ya fomu

Common App hufunguliwa upya Agosti 1. Insha yake kuu ni kati ya maneno 250 na 650. Rasimu ya kwanza iwe tayari kabla ya shule kufunguliwa, kwa sababu Septemba itakumeza. Fungua daftari, tafuta lile jambo lililokushinda, andika juu ya hilo. Wanaoomba vyuo vya University of California wana fomu yao nyingine, yenye maswali manane ambayo unachagua manne, kila jibu lisizidi maneno 350.

Kama kipato cha familia ya watu wanne ni chini ya takriban dola 65,000 kwa mwaka na alama zako ni za juu, angalia programu ya ufadhili ya QuestBridge mapema kiangazi hicho. Wanaofanikiwa hupata ufadhili kamili wa miaka minne katika vyuo washirika, na maombi hufungwa mwishoni mwa Septemba, mapema kuliko karibu kila kitu kingine.

Mwisho wa Agosti kuna tarehe ya SAT. Mtihani sasa hufanywa kwenye kompyuta, na mazoezi kamili yapo bure katika programu ya Bluebook, mengine kwenye tovuti ya Khan Academy. Nusu saa asubuhi, siku nne kwa wiki, inatosha kwa anayefanya kazi.

Wazazi, jukumu lenu mwezi huu ni karatasi za kodi ya mapato. Ziwekeni kwenye bahasha moja, kwa sababu fomu ya msaada wa kifedha ya FAFSA kwa kawaida hufunguliwa Oktoba 1 na mtaulizwa maswali yaliyomo humo.

Kabla ya zamu ya mwisho, mwombe bosi au kiongozi uliyejitolea kwake namba na baruapepe atakayoitumia mwaka mzima, na umwulize kama atakubali kuthibitisha kazi yako chuo kikiuliza. Kisha wiki ya kwanza ya shule mpelekee mshauri ukurasa mmoja: shughuli zako zote, saa zake, na orodha ya vyuo unavyowaza. Mpe nakala na yule mwalimu uliyemwomba barua mwezi wa sita.