Somo: Kumsaidia mgonjwa kutumia dawa zake kwa usalama

Wewe unayemuuguza mtu nyumbani, kazi yako si kumlazimisha ameze. Ni kuhakikisha anameza alichoandikiwa, kwa kiasi na saa alizoandikiwa, naye mwenyewe anajua dawa ni ya nini.

Hatua ya 1. Kusanya dawa zake zote, pamoja na za kununua bila cheti na za mitishamba. Andika jina, kiasi, saa na sababu ya kila moja, kisha mwonyeshe mfamasia orodha hiyo. Dawa mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa kitu kilekile. Parasetamoli, kwa mfano, imo ndani ya dawa nyingi za mafua, na mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 4 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini huhitaji pungufu. Dozi huzidi hivi hivi, kila mtu akidhani anafanya sawa.

Hatua ya 2. Soma lebo kila unapotoa dawa, hata kama umeizoea. Methotreksati ya baridi yabisi hutumika mara moja kwa wiki. Ikimezwa kila siku inaweza kuua. Mchagulie siku, uiandike kwenye pakiti.

Hatua ya 3. Nawa mikono. Mgonjwa akae wima, ameze kwa maji ya kutosha, asijilaze papo hapo. Dawa ya maji itikise, uipime kwa kifaa kilichokuja nayo, maana vijiko vya nyumbani havilingani.

Hatua ya 4. Weka alama kwenye orodha akishameza, si kabla.

Akikataa, muulize kwa upole kinachomsumbua. Mara nyingi ana sababu: kichefuchefu, kidonge kikubwa, hofu. Sababu hiyo ndiyo ya kumpelekea daktari.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo dada. Mama amesahau dozi ya asubuhi. Mchana nimpe mbili?
Marahaba. Usimpe mbili. Kwa dawa nyingi, mpe iliyosahaulika pale unapokumbuka. Kama saa ya inayofuata imekaribia, iache hiyo iliyopita. Baadhi zina utaratibu wake, kwa hiyo soma karatasi ya maelezo au mpigie mfamasia.

Naweza kusaga vidonge nichanganye na chakula?
Uliza kwanza. Kuna vidonge vilivyotengenezwa kuachia dawa kidogo kidogo. Ukivisaga, dozi ya siku nzima huingia mwilini kwa mkupuo. Huenda dawa hiyo ipo ya maji. Na mtu mwenye akili timamu usimfichie dawa kwenye chakula. Akigundua, hatakuamini tena.

Baba anatumia dawa za TB, mkojo umekuwa wa rangi ya chungwa. Ameogopa, ameacha.
Pole, ndugu yangu. Hiyo ni rangi ya rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, haina madhara. Hata jasho na machozi hubadilika. Mweleze hivyo, kisha wasiliana na kliniki yake leo uwaambie dozi alizokosa, wakuelekeze namna ya kuendelea. Ila macho yakiwa ya manjano au akitapika mfululizo, asimeze nyingine; mpeleke siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki.