Kupachika voliumu za LVM kila kompyuta inapowaka

Unapoandika mstari wa voliumu ya LVM (mfumo wa Linux wa kugawa nafasi ya diski kuwa voliumu) katika faili la /etc/fstab, lenye orodha ya vitu vya kupachika (mount) mashine inapowaka, itambulishe kwa njia yake ya LVM, kwa mfano /dev/mapper/data-picha, badala ya UUID, yaani namba ya kipekee ya utambulisho wa mfumo wa faili. Ushauri wa kutumia UUID unafaa sana kwa vigawanyo vya kawaida vya diski, kwa kuwa majina kama /dev/sdb1 yanaweza kubadilika mashine inapowashwa upya. Jina la LVM halina tatizo hilo. Zaidi ya hayo, ukitengeneza nakala ya papo hapo (snapshot) ya voliumu, nakala hiyo hubeba UUID ileile ya voliumu asilia, hivyo mfumo unaweza kupachika ile usiyoikusudia.

Kwa data ambayo mfumo unaweza kuwaka bila kuihitaji, ongeza chaguo la nofail. Bila chaguo hilo, systemd, programu inayosimamia uwashaji wa Linux, kwa kawaida huisubiri diski inayokosekana kwa sekunde 90, kisha huiingiza mashine katika hali ya dharura, jambo linalosumbua mno iwapo seva iko mbali na huna njia ya kuifikia isipokuwa mtandao. Tarakimu ya mwisho ya mstari, inayopanga ukaguzi wa mfumo wa faili, iwe 2 kwa mfumo wa faili wa ext4, na 0 kwa ule wa XFS, ambao haukaguliwi wakati wa kuwaka.

Kabla ya kuwasha upya, tafadhali endesha findmnt --verify, kisha systemctl daemon-reload, halafu mount -a, ili kosa hata la herufi moja lionekane ungali na uwezo wa kulirekebisha.