Kabla Hujaunga Betri ya Gari Unalobadilisha Liwe la Umeme

Anza na hesabu. Seli 32 za LiFePO4 (aina ya betri ya lithiamu) za Ah (ampea-saa) 100 zikiungwa mfululizo zinatoa volti 102.4, kama kWh 10. Gari dogo likila Wh 160 kwa kilomita, na ukitumia asilimia 80 tu ya chaji, utapata kilomita 50 hivi. Kama safari zako zinazidi hapo, usinunue seli bado.

Pete na saa, vua. Spana zifunge tepu zibaki ncha tu. Fyuzi iwe ya DC, ya kuhimili zaidi ya volti 116.8 za betri iliyojaa.

Sasa kusawazisha seli, yaani kuzifikisha zote kwenye chaji moja, hatua ambayo wengi huiruka. Multimita haikusaidii hapa: seli yenye chaji ya asilimia 40 na yenye 60 zote husoma karibu volti 3.3. Ukiziunga hivyo hivyo, iliyotangulia kwa chaji itafika volti 3.65, yaani itajaa, wenzake wakiwa mbali, na chaja, inayoona jumla tu, itaendelea kusukuma. BMS, kifaa cha kielektroniki kinacholinda seli, ikiwepo itakata, na betri haitajaa. Isipokuwepo, seli ile itavimba. Barabarani mambo hugeuka: iliyobaki nyuma inashuka hadi volti 2.5 kwanza, na gari zima linazimika. Usiiachie BMS kazi hii. Inayosawazisha kwa ampea 0.1 itahitaji saa 100 kufuta tofauti ya Ah 10.

Zichaji kwanza zikiwa mfululizo, BMS ikilinda, hadi ya kwanza ifike 3.65. Zifungue, uziunge zote sambamba, chanya kwa chanya. Moja ikigeuzwa tu, ni shoti. Weka pawa saplai kwenye volti 3.65 kabla ya kuiunganisha, kisha subiri ampea zishuke karibu na sifuri. Kila seli ikipungukiwa Ah 10, jumla ni Ah 320: kwa ampea 10, saa 32. Usipandishe volti kwa haraka zako.

Kapasita (vihifadhi chaji) za kontrola ya mota zijazwe kwanza kupitia rezista, ya ohm 100 kwa mfano, ndipo kontakta, swichi kuu ya betri, ifunge. La sivyo sehemu zake zinazogusana huyeyuka na kugandana, na siku ya dharura haitaachia.

Usichaji chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Boksi lifungwe kwenye chesisi kwa bolti, si mikanda. Na volti 100 za DC zinaua, kwa hiyo usifanye kazi hii peke yako, wala usiku ukiwa na usingizi.